Kuvuja na Kuvuta: Uhakiki wa Istilahi za Mafuta katika Gari la Dizeli

Istilahi ya ufundi hupimwa kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza ni ya lugha: je, neno limeundwa kwa kufuata sarufi, latamkika bila taabu, na halipingani na neno jingine lililokwisha kukubaliwa? Mizani ya pili ni ya kazi: je, neno lampeleka fundi mahali penye ubovu, au lampeleka kwingine? Wafasiri wetu wameizoea mizani ya kwanza. Ya pili aghalabu huachiwa mafundi, kana kwamba si shughuli ya lugha. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba mizani ya pili ndiyo nzito zaidi mtu anapotafuta sababu ya mafuta kutofika sawasawa katika injini ya gari la dizeli la zamani, na kwamba maneno kadhaa yanayopita salama katika mizani ya kwanza huanguka katika hiyo ya pili.

Kilichotusukuma kuandika ni rasimu ya mwongozo wa matengenezo, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya madereva na wasimamizi wa magari. Hatutamtaja mfasiri wala ofisi iliyomtuma, kwa kuwa kasoro tutakazozieleza si zake peke yake, zimeenea. Kiswahili cha rasimu hiyo ni safi, sentensi zake ni fupi, na upatanisho wa kisarufi hauna dosari. Hata hivyo mtu akiifuata rasimu hiyo neno kwa neno, huku gari lake limezima katikati ya mlima, yumkini atanunua pampu asiyoihitaji na kuuacha mpira uliopasuka mahali pale pale.

Ili hoja zetu zipate pa kusimama, tumechagua gari la aina moja: Mercedes-Benz 240 D na 300 D za mfululizo uitwao W123, zilizoanza kuuzwa mwaka 1976 na kuundwa hadi katikati ya miaka ya 1980. Ya kwanza ina silinda 4 na ujazo wa lita 2.4, ya pili ina silinda 5 na ujazo wa lita 3. Magari yote ya mfululizo huo, ya petroli na ya dizeli pamoja, yalikaribia milioni 2.7, na mengine yangali barabarani hadi leo. Wasomaji wetu wanafahamu pia kwamba jina la magari ya kampuni hiyo liliingia katika Kiswahili zamani, likazaa neno Wabenzi. Lugha iliyoweza kuwapatia jina wenye magari haitashindwa kuzipatia majina pampu zake.

Safari ya mafuta

Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi kufikia kiasi cha sehemu moja ya 21 ya ujazo wake wa awali, ikapata joto kali, na mafuta yakirushwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo mafuta hayana budi kufika kwa kiasi kilichopimwa, kwa wakati wake, na bila kuchanganyika na kitu kingine.

Safari yao ni hii. Hutoka katika tangi lililo nyuma ya gari kwa kupita katika wavu mwembamba. Hufuata bomba la chuma chini ya gari na vipande vya mpira hadi katika chujio dogo la plastiki, ambalo mtu aweza kuona yaliyomo ndani yake. Hapo huvutwa na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pampu kubwa, kisha husukumwa kupitia chujio kuu na kuingia katika pampu kubwa yenyewe. Pampu hii huyapima na kuyasukuma kwa nguvu katika mabomba membamba ya chuma, bomba moja kwa kila silinda, na mwishoni nozeli huyarusha kama ukungu. Yanayobaki hurudi tangini.

Safari hiyo ina pande tatu. Kutoka tangini hadi pampu ndogo ni upande wa kuvuta: humo shinikizo ni pungufu kuliko la hewa iliyo nje. Kutoka pampu ndogo hadi pampu kubwa ni upande wa kusukuma, wenye shinikizo dogo. Kutoka pampu kubwa hadi nozeli ni upande wa shinikizo kuu. Nozeli haifunguki mpaka shinikizo lipite mara 100 ya lile la hewa inayotuzunguka. Rasimu tunayoihakiki haizitenganishi pande hizi. Zote huitwa mfumo wa mafuta, na kosa hilo moja ndilo linalozaa mengine.

Nyumba ivujayo na pakacha livujalo

Tuanze na kitenzi kuvuja, ambacho rasimu imekitumia kila mahali. Katika Kiswahili cha kila siku kitenzi hiki kina pande mbili. Tunaposema nyumba inavuja, tuna maana kwamba maji ya mvua yanatoka nje na kuingia ndani. Tunaposema mtumbwi unavuja, maana ni hiyo hiyo. Lakini wahenga waliposema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, walikuwa na maana ya kilichomo ndani kutoka nje. Msikilizaji hapotei, kwa kuwa aijua nyumba na alijua pakacha.

Asiyelijua gari la dizeli hupotea. Katika upande wa kusukuma na ule wa shinikizo kuu, penye ufa mafuta hutoka nje, na jicho huona unyevu. Katika upande wa kuvuta, penye ufa hewa huingia ndani wakati injini inafanya kazi, na nje huenda pakawa pakavu kabisa. Dereva aliyeambiwa akague kama bomba linavuja atainama, ataona pakavu, na atajibu kwamba halivuji. Atakuwa amesema kweli kwa maana moja ya neno na kukosea kwa maana ya pili. Kumbe mpira wa miaka mingi umepata nyufa penye kibano, gari husumbua kuwaka asubuhi baada ya kulala, na mapovu yanaonekana katika chujio dogo la plastiki. Ubovu ulio mkavu ndio ulio mgumu kuupata, na istilahi ya rasimu inaufunika badala ya kuufunua.

Mafundi wa gereji wamekwisha kulitatua tatizo hili bila kuombwa. Wao husema gari linavuta upepo. Kitenzi chao kinautaja upande wa ubovu, kwa maana penye kuvuta ndipo penye upande wa kuvuta. Twapendekeza kuvuja kubaki kwa mafuta yatokayo, na kuvuta upepo kushike maana ya hewa iingiayo.

Damu isiyokuwapo

Baada ya kuziba ufa, hewa iliyokwisha kuingia haina budi kuondolewa. Kiingereza hukitaja kitendo hiki kwa neno la mganga anayemtoa mgonjwa damu, na mfasiri wetu ameandika kutoa damu ya mfumo. Hapa mfasiri ametafsiri sura ya neno akaiacha kazi yake. Kinachotolewa si damu wala si mafuta. Mafuta yakitoka ni kwa bahati mbaya tu. Kinachotakiwa kutoka ni hewa. Kila gereji tunayoifahamu ina maneno yake kwa jambo hili, nayo ni kutoa upepo.

Wapo watakaodai kwamba upepo ni hewa iendayo, na kwamba hewa iliyonaswa ndani ya bomba yafaa iitwe hewa tu. Dai hili lasikika la kisayansi, lakini lina upungufu wa namna mbili. Kwanza, Kiswahili kimezoea kuiita upepo hewa iliyofungiwa: mpira wa miguu hujazwa upepo, na tairi vivyo hivyo. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, gari la dizeli lina hewa ya namna mbili. Iko hewa inayotakiwa, iingiayo silindani kupitia chujio lake ili mafuta yapate kuwaka. Na iko hewa isiyotakiwa, iliyojipenyeza ndani ya mafuta. Tukiita ya kwanza hewa na ya pili upepo, msomaji atatofautisha mara moja chujio la hewa na kutoa upepo. Tukiziita zote hewa, tumempotezea tofauti ambayo lugha ilikwisha kumpa bure.

Pampu tatu kwa jina moja

Rasimu imetumia pampu ya mafuta kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni ile pampu ndogo inayoyavuta mafuta kutoka tangini. Cha pili ni kile kishikizo kinachofunguliwa na kupigwa kwa mkono ili kuyaleta mafuta na kutoa upepo. Cha tatu ni pampu kubwa inayopima na kusukuma kwa shinikizo kuu. Bei zao hazikaribiani hata kidogo. Kishikizo cha mkono ni kitu kidogo ambacho chaweza kubadilishwa mtu akiwa amesimama kando ya gari; pampu kubwa hupelekwa kwa fundi maalumu mwenye mashine ya kuipimia.

Fikirini sasa habari ya ofisi ya umma. Dereva huandika katika fomu: pampu ya mafuta mbovu. Mtunza ghala hatafuti zaidi. Mhasibu huidhinisha kiasi kilichoombwa. Na wote wametenda kwa uaminifu. Kishikizo cha mkono kilichochoka, ambacho katika magari haya hujulikana kwa kuvuta upepo, kimeandikiwa fedha za pampu kubwa. Gari likirudi litasumbua kama mwanzo, na hapo tena italaumiwa gereji. Gerejini neno moja kwa vitu vitatu halidhuru sana, kwa maana fundi hunyoosha spana na kuonyesha. Karatasi haina kidole. Chochote ambacho kidole kilikifanya gerejini, istilahi haina budi kukifanya katika karatasi.

Tulijaribu majina kadhaa. Pampu ya kuvutia, ambayo mnyambuliko wake waonyesha chombo cha kufanyia kazi, tumeiacha kwa sababu kila asomaye atadhani pampu hiyo imesifiwa uzuri. Pampu ya kuvuta yatosha. Pampu ya mkono yajieleza. Kwa ile kubwa, twachagua pampu ya nozeli, maana ndiyo izilishayo nozeli.

Sindano, nozeli na plagi

Kifaa kirushacho mafuta ndani ya silinda kimeitwa sindano katika rasimu. Mfasiri amefuata mfano wa hospitali, na mfano wenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba ndani ya kifaa hicho kuna kijiti cha chuma chenye ncha, kinachoinuka na kuketi ili kufungua na kufunga njia ya mafuta, ambacho kwa kweli ni sindano. Mfasiri alipokifikia hakuwa tena na neno, akaandika sindano ya sindano. Nozeli ni neno la mkopo, ndiyo, lakini lina silabi zinazofuata utaratibu wa Kiswahili na fundi yeyote alijua. Tuliache lichukue kifaa kizima, na sindano ibaki kwa kile kijiti.

Plagi nayo yahitaji kitambulisho. Katika gari la petroli plagi hutoa cheche. Katika dizeli hupasha joto tu, kabla na wakati wa kuwasha. Gari lisilowaka asubuhi kwa sababu plagi zake zimekufa halina ubovu wa mafuta hata kidogo, ijapokuwa dalili zafanana na za gari lililovuta upepo. Tuseme plagi ya cheche na plagi ya joto, na mwanafunzi ataelewa kwa nini mojawapo haimo kabisa katika injini ya dizeli.

Kuhusu machujio, rasimu imesema kichungi kwa kila kitu. Kuchunga ni kazi ya unga; kuchuja ni kazi ya vitu vya majimaji, kama tui na chai. Chujio ndilo neno. Lakini kile kilicho ndani ya tangi si chujio la karatasi linalobadilishwa; ni wavu unaosafishwa. Kitajwe kwa jina lake: wavu wa tangi.

Maneno ya dalili

Istilahi si majina ya vyuma peke yake. Ubovu huanza kusimuliwa na dereva, na vitenzi vya dereva ndivyo ushahidi wa kwanza. Rasimu imeandika injini inashindwa kwa hali nne zilizo mbalimbali: kugoma kuwaka, kufifia, kuzima, na kuruka silinda moja. Mahali pengine imeandika gari lina njaa ya mafuta, maneno ambayo hayasemi njaa hiyo ilianza lini.

Tutazame gari ambalo wavu wa tangi umejaa uchafu. Huwaka vizuri, hutembea vizuri katika tambarare, hufifia likipanda mlima, kisha huzima. Dereva hungoja dakika chache, huwasha tena, nalo huenda kama lisilo na ugonjwa. Sababu ni kwamba pampu inapovuta, uchafu hugandamana na wavu. Injini ikizima, mvuto hukoma na uchafu huanguka chini. Hali inayokaribiana na hiyo hutokea tundu la kupumulia la tangi likiziba: dereva akifungua kifuniko husikia hewa ikiingia kwa kishindo. Mpangilio huo wa kufifia, kuzima na kupona ndio utambulisho wa ubovu. Neno kushindwa limeufuta wote.

Mpangilio wa majaribio nao hutegemea majina. Jaribio lenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni kuuondoa mpira wa kuvuta penye chujio dogo, kuutumbukiza mpira mwingine safi katika chombo cha dizeli safi kilichowekwa chini ya boneti, kuupeleka mpira wa marejeo humo humo, na kuliendesha gari hapo. Dalili zikitoweka, ubovu uko nyuma, kati ya tangi na chujio dogo; zikibaki, uko mbele. Mwongozo ambao hauna jina la upande wa kuvuta hauwezi kueleza jaribio hili isipokuwa kwa aya nzima.

Liko pia jaribio la kulegeza nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa katika silensa: silinda ambayo ikilegezwa mlio haubadiliki ndiyo isiyofanya kazi. Hapa istilahi ni jambo la uhai. Rasimu inamwambia dereva apapase mabomba kwa mkono kutafuta panapovuja, bila kutaja ni mabomba ya upande gani. Mafuta yaliyo katika shinikizo kuu hupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama la mwiba, lakini ni la kukimbiziwa hospitali mara moja. Tena, katika magari mapya ambayo nozeli zote hulishwa na bomba moja la pamoja, shinikizo hupita mara 1,000 ya hewa, na kulegeza nati injini ikiwaka ni marufuku kabisa. Mwongozo usiotaja upande wala aina ya mfumo umemweka msomaji katika hatari kwa sababu ya uvivu wa maneno.

Mapendekezo

Twaomba maneno yafuatayo yajadiliwe na wafasiri, walimu wa ufundi na wasimamizi wa magari kabla ya kusanifishwa:

Upande wa kuvuta: sehemu kutoka tangi hadi pampu ya kuvuta.
Upande wa kusukuma: sehemu kutoka pampu ya kuvuta hadi pampu ya nozeli.
Upande wa shinikizo kuu: sehemu kutoka pampu ya nozeli hadi nozeli.
Pampu ya kuvuta: pampu ndogo iletayo mafuta kutoka tangini.
Pampu ya mkono: kishikizo kipigwacho ili kuleta mafuta na kutoa upepo.
Pampu ya nozeli: pampu kubwa ipimayo mafuta na kuyatia shinikizo kuu.
Wavu wa tangi, chujio dogo, chujio kuu: vizuizi vitatu vya uchafu, kwa utaratibu wa safari ya mafuta.
Nozeli: kifaa kirushacho mafuta silindani. Sindano: kijiti kilicho ndani yake.
Kuvuja: mafuta kutoka nje. Kuvuta upepo: hewa kuingia katika mafuta. Kutoa upepo: kuiondoa hewa hiyo.
Kugoma, kufifia, kuzima, kuruka: dalili nne, zisichanganywe.

Wako watakaolalamika kwamba orodha hii ina mikopo mingi na maneno ya gereji. Utaratibu wa kutafuta neno kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha kwingineko, twauheshimu. Lakini Kiswahili cha gereji ni Kiswahili. Aliyesema gari linavuta upepo hakukopa kwa mtu. Alilitazama tatizo, akachagua kitenzi kilichomo katika lugha yake mwenyewe, akapata istilahi iliyo bora kuliko ya mfasiri mwenye kamusi mbili mezani. Si kila neno la gereji linafaa, kama tulivyoona kwa plagi na pampu, ambazo gereji imeziacha zikibeba mizigo mingi. Kazi ya mwanaistilahi ni kuchukua yale yanayotenganisha na kuyagawa yale yanayochanganya.

Rasimu yenyewe haistahili kutupwa. Yahitaji mtu akae nayo siku mbili gerejini, boneti likiwa wazi, na kila linapotajwa jina la kifaa amwombe fundi akiguse. Palipo na majina mawili kwa kitu kimoja, achague. Palipo na jina moja kwa vitu vitatu, agawe. Kisha ampe rasimu dereva asiyekuwapo na kumtazama kama ataushika mpira uliopasuka.